Chemchemi haitunzwi kwa bango

Kila ninapopita shule ya msingi, ya mjini au ya kijijini, macho yangu hukimbilia ukutani. Nakuta ramani ya Tanzania, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, twiga mmoja, ngao ya taifa, na chini yake maneno ya herufi kubwa za bluu: MAJI NI UHAI. TUTUNZE MAZINGIRA. KATA MTI, PANDA MTI. Watoto hupita mbele ya maneno hayo asubuhi na mchana kwa miaka yote ya shule. Waulize yanasemaje, watakujibu kwa pamoja bila hata kugeuka kuyatazama. Kisha waulize maji ya shule yao yanatoka mto gani, na mto huo unaanzia wapi. Nimewauliza wengi, na jibu ninalopewa mara kwa mara ni kwamba maji yanatoka bombani.

Watoto hawana kosa hata chembe. Sisi wakubwa tumewapa amri kabla ya kuwapa kisa. Tumewaandikia ukutani mwisho wa jambo ambalo hawakuwahi kusimuliwa mwanzo wake, halafu tunashangaa wanapokua na kuvuna mchanga mtoni, kulima hadi ukingoni mwa chemchemi, au kutupa mifuko ya taka kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba zao wenyewe.

Msimamo wangu ni huu: ngano, nyimbo, michoro na miiko ya wenyeji ndiyo iliyokuwa shule ya ardhi na maji katika jamii zetu. Shule hiyo ilimfikia mtoto kabla hajawa na nguvu ya kuinua shoka. Mradi wowote wa maji au wa misitu unaoiacha nje unajinyima mwalimu aliyekuwapo tangu zamani. Na siombi irudi kama burudani ya kufungulia semina, ngoma mbili za haraka huku mgeni rasmi akisubiri kuhutubia. Nataka iwe sehemu ya kazi yenyewe, itengewe muda, fedha na heshima kama inavyotengewa saruji na mabomba.

Kisima cha wanyama

Chukua ngano moja tu, ambayo wengi wetu tuliisikia kila mtu kwa lugha ya kwao. Mvua ilikatika, mito ikakauka, wanyama wakaitana mkutanoni chini ya Simba. Wakaamua kuchimba kisima, kila mmoja kwa nguvu zake. Sungura akakataa, akisema kazi ile itamchafua. Wenzake wakachimba, wa kwato kwa kwato na wa pembe kwa pembe, hadi maji yakachomoza. Wakapitisha azimio: asiyechimba hanywi. Wakaweka mlinzi.

Usiku Sungura akaja na kibuyu cha asali. Akamwonjesha mlinzi tone moja, akamwambia kwamba utamu wake kamili hauji mpaka mtu afungwe kamba kwanza. Mlinzi akanyoosha mikono afungwe. Sungura akanywa, akajaza chombo chake, kisha akaoga humohumo kisimani na kuyavuruga maji. Kesho yake akawekwa mlinzi mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, naye akalambishwa asali, akafungwa. Mwisho akajitolea Kobe, na mkutano mzima ukamcheka. Kobe akapakwa ulimbo mgongoni, akazama, akatulia chini ya maji. Sungura alipofika hakuona mlinzi. Akakanyaga kile alichodhani ni jiwe, akanasa.

Sasa isome upya kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maji ya kijiji. Mchango wa nguvukazi umo. Azimio la mkutano mkuu limo. Mnufaika asiyechangia yumo. Mlinzi anayenunuliwa yumo, tena ananunuliwa kwa tone moja. Uchafuzi wa chanzo umo, na ngano inaupa uzito kuliko wizi wenyewe, maana aliyeiba ndoo moja amewanyima wenzake ndoo moja, lakini aliyeoga kisimani amewanyima wote. Na yumo mtu mdogo, wa pole, asiyetarajiwa na yeyote, anayefanya kazi iliyowashinda wenye misuli.

Tuna Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Ndiyo iliyozaa RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kuweka utaratibu wa vyombo vya jamii vya kusimamia maji vijijini. Ni sheria ya maana. Lakini ni vituo vingapi vya maji vimekauka huku mto ukitiririka, kwa sababu fedha za ndoo hazikufika benki? Mlinzi wa kisima alilambishwa asali. Mama anayeamka saa kumi usiku kwenda kupanga foleni ya madumu analipa deni la asali hiyo. Mtoto wa kike anayefika shuleni saa tatu badala ya saa moja na nusu anailipa pia.

Katika masimulizi mengi ngano haiishii Sungura aliponaswa. Anahukumiwa, anawadanganya waamuzi, anaponyoka na kutokomea porini. Watoto hucheka hapo, na msimulizi mzuri huwaacha wacheke. Wanaondoka wakijua kwamba Sungura yuko nje bado, na kisima kinahitaji mlinzi kesho na kesho kutwa. Nitajie bango lililowahi kumpa mtoto wa miaka sita wazo gumu kama hilo.

Na tusisahau kwamba hiyo ni sanaa yenye mbinu zake. Msimulizi hubadili sauti, Sungura akasema puani na Simba kifuani. Wasikilizaji hudakia kiitikio. Mtoto mmoja hulala chini kifudifudi awe Kobe, mwingine anakuja kunyata. Mtoto aliyewahi kuwa Kobe, akanyamaza huku wenzake wakimkanyaga mgongoni, ameonja uangalizi wa maji kwa mwili wake. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na namna yao ya kumkunja ilikuwa mchezo.

Michoro ya Kolo na makorongo ya Kondoa

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Babati, ukiuacha mji wa Kondoa nyuma yako, unafika Kolo. Juu ya vilima vyake, kwenye miamba iliyoinama kama paa, iko michoro ya rangi nyekundu ya udongo na mingine myeupe iliyofuata baadaye: twiga, tembo, pofu, watu warefu wembamba wenye nywele za mitindo ya ajabu. Sehemu zenye michoro katika eneo hilo zinapita 150. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Hayo wageni huelezwa. Ambacho huelezwa kwa haraka, kama jambo la aibu kidogo, ni kwamba pale Mongomi wa Kolo wenyeji bado wanapanda kufanya matambiko, kuomba mvua na uponyaji. Mwamba ule una kazi hadi leo. Mikono iliyochora na mikono inayotambika leo inaweza kuwa ya watu tofauti kabisa, lakini wote walipatambua mahali hapo kuwa pa kuzungumzia uhai wa nchi yao.

Shuka sasa bondeni. Kondoa ndiko udongo ulikokimbia. Mvua zilichimba makorongo ambayo nyumba nzima ingezama ndani yake, na mashamba yakawa mchanga. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Si ipunguzwe, yote iondolewe. Haki isemwe: uoto ulirudi, na yapo makorongo yaliyotulia. Aliyeiona nchi ile kabla na baada hawezi kubisha.

Lakini ingia ndani ya kaya. Ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, maksai wa kulimia, mahari ya kijana na akiba ya siku ya msiba. Vyote viliondoka kwa amri moja. Na wapo waliorudisha mifugo usiku, wakachunga gizani wakiwakwepa walinzi. Amri huishi muda ambao mlinzi wake yuko macho. Baadaye ndipo ukaja utaratibu wa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani, jambo ambalo familia ziliweza kulikubali kwa sababu ndani yake mlikuwa na glasi ya maziwa.

Kinachoniuma ni kwamba mambo haya mawili yaliendeshwa kana kwamba yako katika nchi mbili. Idara moja ililinda picha, nyingine ikalinda udongo. Mtoto wa Kolo akakatazwa kugusa mwamba, akakatazwa kuchunga bondeni. Nani alimkalisha chini ya mwamba ule akamwonyesha pofu na twiga, akamuuliza: wanyama hawa walikula nini hapa, walikunywa wapi, na mbona leo hawapo? Ukuta wa darasa la ardhi ulikuwa umeshachorwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na tukakodi mchoraji aandike TUTUNZE MAZINGIRA kwenye ukuta wa shule.

Nakubali kuna mvutano wa kweli. Pombe ya tambiko ikirushwa mwambani huharibu rangi, na wahifadhi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Wanaakiolojia wa Kitanzania wameliandika jambo hili, wakidai usimamizi wa michoro uwahusishe wenye imani zao badala ya kuwachukulia kama waharibifu. Mazungumzo ya namna hiyo huchosha. Ila ukimwondoa anayepaheshimu mahali kwa moyo, utabaki na askari anayepalinda kwa mshahara, na mshahara ukichelewa unajua kitakachotokea.

Wasukuma walipoachiwa neno lao

Usukumani mambo yalikwenda tofauti. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa imebaki nyeupe: miti ilikatwa miaka mingi, mingine ili kuwaua ndorobo, mingine kupisha pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulikuta wenyeji wana desturi yao ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, hasa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Mradi ulifanya jambo la busara: uliuliza, ukasikiliza, ukaitia nguvu desturi hiyo. Mikutano ya jadi ya dagashida ikatumika kuwahukumu wavunjaji. Kutoka hekta kama 600 tu, ngitili zilienea zikapita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Wasomi husifu takwimu hizo. Mimi nawatazama watoto wachunga ndama, maana ndio walioujua mpaka wa ngitili kwa nyayo zao. Natazama pia bugobogobo, ngoma ya majembe, inayochezwa na wakulima wakirusha jembe angani na kulidaka. Mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu yaliwakusanya watu maelfu, na watoto walikuwa mbele kabisa wakiiga kila hatua. Mtoto aliyekua akiona jembe linachezewa kwa fahari namna ile haoni kilimo kuwa adhabu ya waliofeli mtihani. Leo tunamwambia kijana "ukishindwa shule utalima", halafu tunamtaka aipende ardhi. Ataipendaje?

Joka la Kolelo na ndoo ya Mbagala

Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza kudhani haya ni ya watu wa bara. Basi tuzungumzie maji yao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo hutoka Mto Ruvu, na Ruvu hupata maji yake milima ya Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao. Kila familia inakumbuka: madumu ya njano yaliyojaa barabarani, boza la maji likifukuziwa na majirani, mjamzito akipandisha ndoo ghorofani, sare ya shule ikivaliwa siku ya tatu bila kufuliwa.

Sasa sikiliza. Katika milima hiyohiyo ya Uluguru, Waluguru walisimulia habari za Kolelo, joka kubwa linalokaa pangoni, lenye mamlaka juu ya mvua, rutuba na mavuno. Wazaramo wa huku pwani, ambao mashamba yao yalikuwa kwenye ardhi ambayo leo ni vitongoji vya Dar es Salaam, walituma watu kupanda hadi kwa Kolelo nchi ilipokauka. Jina hilo linatajwa hata kwenye historia ya vita vya Maji Maji, pamoja na Bokero wa Rufiji na Kinjeketile wa Ngarambe, na mwanafunzi anayesoma Historia ya Tanzania na Maadili anaweza kulikuta humo.

Fikiria maana yake. Watu wa pwani, bila ramani wala satelaiti, walijua kwamba neema yao ina asili mlimani, kwamba wanadaiwa heshima na watu wa huko, na kwamba mambo yakiharibika ni lazima wapande wakaongee. Hadithi ya joka iliunganisha mlima na pwani katika akili ya mtoto. Leo mwanafunzi wa Mbagala hajui kwamba moto unaochomwa kusafisha shamba kwenye mteremko wa Uluguru unamhusu yeye na ndoo ya mama yake. Hakuna aliyempa mlima huo. Amepewa namba ya mita.

Je, nataka watoto waamini kuna joka? Nataka waijue hadithi, kama wanavyozijua hadithi nyingine za kale za dunia, na waelewe watu waliitunga wakiwa wanajua nini. Joka hukaa chanzoni. Ndiyo kusema chanzo si mahali pa kuingia na panga, si mahali pa kufulia, si mahali pa kulima. Aliyeogopa joka hakukata mti wa ukingoni mwa maji.

Wasiwasi ulio wa haki

Wapo wasomaji watakaosema ninawarudisha watu kwenye ushirikina, na sitawapuuza. Jamii zetu zimefanya maovu mazito kwa jina la imani. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Upande wa pili wa mpaka, Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na vijana wanaotaka ardhi. Huo ni uhalifu, na hakuna ngano inayoweza kuutetea.

Tazama hata hivyo nani aliyekufa. Waliouawa ni wale wale waliokuwa na hadithi vifuani, waliojua jina la kila mti na kisa cha kila kisima. Heshima kwa sanaa ya wenyeji ni lazima ianzie kwenye kumpa bibi kizee ulinzi wa maisha yake. Kijiji kinachomsikiliza bibi kila Ijumaa shuleni, watoto wakimwita kwa jina na kumbebea kigoda chake, kitapata taabu kumgeuza mchawi.

Kisha kuna elimu iliyofichwa ndani ya mwiko. Wangari Maathai alisimulia jinsi mama yake alivyomkanya, akiwa binti mdogo huko Nyeri, asiokote kuni kwenye mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo kulikuwa na kijito, na mtoto huyo alicheza kwenye majani ya magimbi akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Baadaye mti ulikatwa, kijito kikakauka. Akiwa mtaalamu ndipo alipoona uhusiano: mizizi ya mti ule ilishika udongo na kuyafungulia njia maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2004 alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, na katika hotuba yake mbele ya wafalme na wakuu wa nchi akakizungumzia kijito kile na mayai ya vyura. Angeweza kumaliza kwa takwimu za Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977. Alichagua alichokiona akiwa mtoto.

Kwa nani tumeiuza?

Edward Saidi Tingatinga, kijana kutoka Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa masonite. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake umebeba jina la nchi yetu duniani: ndege, chui, mibuyu, samaki, rangi zinazopiga kelele. Nenda leo kwenye vibanda vya wachoraji. Picha ni za ukubwa unaoingia kwenye sanduku la mtalii. Mwaka 2010 studio ya Nairobi ilishiriki kutengeneza katuni za Tinga Tinga Tales, zenye michoro ya mtindo huo na ngano za wanyama wa Afrika, kwa ajili ya televisheni ya watoto ya Uingereza. Kazi ni nzuri, ya kujivunia. Ila mtoto wa Nanyumbu alipaswa kuziona kwanza, kwa Kiswahili. Ubongo Kids, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 2014, imeonyesha kwamba katuni za kufundishia zinaweza kutoka hapa na zikapendwa hapa. Kwa hiyo uwezo tunao.

Pwani ya Kenya, Wagiriama huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Kigango husimikwa ardhini, na familia ikihama hakihamishwi. Kwa miaka mingi viliibwa, vikauzwa, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudi mwaka 2007, na jumba la makumbusho la Denver lilikubali kuviachia 30 mwaka 2014. Sanaa iliyochongwa ibaki mahali pake iligeuzwa pambo la ukumbi wa mbali. Na katika misitu ya makaya ya Wamijikenda, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, wazee bado wanawafundisha vijana kwamba hata tawi lililoanguka halibebwi nje. Misitu hiyo imebakiza mimea adimu ambayo nje yake imekwisha kufyekwa. Mwiko uliitunza kabla ya sheria kujua kwamba iko.

Wenyeji wa Amerika Kaskazini wametuonyesha njia nyingine. Mwaka 2020 kilitoka kitabu cha picha cha watoto, We Are Water Protectors, kilichoandikwa na Carole Lindstrom, Muojibwe, na kuchorwa na Michaela Goade, Mtlingit. Kilizaliwa na mapambano ya Standing Rock dhidi ya bomba la mafuta, na kinalitumia simulizi la kale la nyoka mweusi anayekuja kutia sumu maji. Mwaka 2021 Goade alipata Medali ya Caldecott, akiwa mchoraji wa kwanza wa asili ya huko kuipata. Kwetu joka hulinda maji, kwao huyatishia, na kote mtoto anaambiwa jambo moja: maji yana adui na yana mlinzi, na wewe huwezi kukaa pembeni. Bomba letu la mafuta ghafi, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mabango yake nimeyaona. Kitabu cha mtoto anayeishi kando yake, kinachomwambia kwa picha mito anayoijua iko wapi na nani wa kumwita akiona mafuta majini, sijakiona.

Kazi iliyo mbele yetu

Mtaala mpya wa elimu ya msingi umeweka Jiografia na Mazingira, na umeweka Sanaa na Michezo. Masomo hayo mawili yakae pamoja angalau siku moja kwa mwezi, na darasa lihamie kwenye chanzo cha maji kilicho karibu. Mwalimu ataeleza jinsi maji yanavyoingia ardhini. Mzee wa eneo ataeleza chemchemi ile iliitwaje, nani aliichimbua, nini kilikatazwa pale na kwa nini. Watoto watachora walichosikia na walichoona, kwa mkaa, kwa udongo mwekundu, kwa chochote. Michoro hiyo ndiyo ipelekwe kwenye ukuta wa shule, na yale maneno ya bluu yafutwe kuipisha.

Mzee huyo alipwe. Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kumlipa mwezeshaji wa warsha posho, nauli na chakula, kisha msimulizi aliyebeba elimu ya vizazi tunampa soda na makofi. Wachoraji wa Tingatinga nao wapewe zabuni ya kupaka matangi ya maji ya vijiji, kila tangi na ngano ya eneo lake. Gharama ya rangi haitaitingisha bajeti ya mradi wowote wa maji. Na mikataba iseme wazi kwamba hadithi ni mali ya jamii iliyoitoa, isije ikachapishwa nje tukainunua kwa dola.

Wazazi wenzangu, sehemu yetu haihitaji mradi. Umeme unapokatika na simu zikiisha chaji, watoto hukaa wakitusubiri tuseme kitu. Kama ngano ya kwenu umeisahau, mpigie simu shangazi, mpigie babu mdogo aliyebaki kijijini, muulize Kobe alifanyaje. Muulize pia kisima mlichokuwa mkichota bado kipo, na kama hakipo, nani aliyeoga ndani yake. Majibu yake mengine yatakuwa na majina ya watu mnaowafahamu, na hayo ndiyo ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji unaofuata.

Tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, watoto watapangwa mstarini tena na kupewa miche. Mingi hukauka kabla ya likizo ya Juni kwa kukosa wa kuimwagilia. Wakuu wa shule wanaweza kubadili jambo moja tu katika ratiba hiyo bila kusubiri waraka: hotuba ya mgeni rasmi ipunguzwe iwe dakika tano, na nusu saa inayobaki apewe bibi au babu mmoja wa mtaa huo, asimulie mti uliokuwa umesimama hapo zamani, na kila mche ukabidhiwe mtoto aliyesikia kisa chake.